Jina la Mtoto wa Chwele

Jumamosi usiku, Nakuru

Ombi la cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu limerudishwa kwa mara ya tatu. Nililituma mwenyewe, kwa vidole hivi ambavyo vimejaza maombi ya watu kwa miaka sita, na jibu ni lile lile: ambatisha taarifa ya kuzaliwa. Taarifa hiyo hatuna. Haikupotea wala haikuliwa na mchwa. Haikuandikwa kamwe.

Mtoto ana miaka minane, yuko Gredi ya 3, na analelewa na mama yetu kijijini, si mbali na Chwele, kaunti ya Bungoma. Jina lake sitaliandika hapa kwa sababu ni mtoto. Shule imemletea mama barua kwamba nambari ya cheti cha kuzaliwa inahitajika ili mwanafunzi aingizwe kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu. Mwalimu ameandika kwa upole, lakini neno "haraka" amelipigia mstari.

Nina saiba ndogo hapa mjini, kompyuta nne na printa moja. Kazi yangu kubwa ni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Mfumo huo ulianza mwaka wa 2014 na huduma chache, na Juni 2023 Rais alipozindua huduma zaidi ya 5,000 mtandaoni, mlango wangu haukupumzika tena. Mtu anayejua bei ya gunia la viazi Molo, Elburgon na Njoro bila kuangalia popote ananipa simu yake na kuniambia, "Ingia unijazie." Namjazia. Kwa hiyo nimezoea kuamini kwamba habari ya cheti huanzia na kuishia hapa kwenye kibodi. Mdogo wangu, mama wa mtoto, aliponiambia wiki iliyopita kwamba labda twende nyumbani, nilimjibu kwamba nyumbani hakuna kitu, kila kitu kiko mtandaoni.

Kesho natoka na matatu ya kwanza.

Jumapili, Nakuru hadi Kisumu

Salgaa tulipita kukiwa bado na giza, Mau Summit kukiwa na ukungu, Kericho mvua ya Aprili ikinyesha juu ya majani chai. Ahero jua lilitupokea, na mpunga ulikuwa umesimama majini pande zote za barabara. Saa sita nilikuwa Kibuye.

Jumapili ndiyo siku ya soko la Kibuye. Mdogo wangu anauza nguo za watoto za mitumba, na nilimkuta amezungukwa na wateja, ikabidi nikae kwenye gunia lake la bidhaa hadi saa tisa. Hapo nilipata muda wa kumwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka minane: ilikuwaje mtoto asiandikwe?

Akaniambia huku akikunja sweta. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma nchi nzima tangu Juni, na hawakurudi kazini hadi mwanzoni mwa Novemba. Miezi mitano. Uchungu ulimshika Agosti, usiku, akiwa kwa mama. Walijua zahanati imefungwa, kwa hiyo hawakuhangaika kwenda. Mama akamwita mkunga wa kijiji. Mtoto akatoka salama, kitovu kikakatwa, uji ukapikwa. Hakuna aliyewaza karatasi, kwa kuwa hospitali ndiyo waliyoizoea kuwapa karatasi, na hospitali haikuwepo. Mtoto alipofika miezi minne akamwacha kwa mama, akaja Kisumu kutafuta.

"Dada, nilifikiri chanjo ndiyo usajili," akasema. "Walimwandika kwenye kitabu cha kliniki. Nikaona ameandikwa."

Nimeyafikiria maneno hayo hadi sasa ninapoandika, saa nne usiku, katika chumba chake cha Manyatta. Hakudharau sheria. Aliona mtu wa serikali akiandika jina la mwanawe kwa kalamu, akaridhika kwamba serikali imejua.

Jumatatu, Kisumu

Tulikwenda Huduma Centre asubuhi na mapema. Vituo hivi vya kutoa huduma nyingi za serikali mahali pamoja vilianza Nairobi mwaka wa 2013 na mimi ni mtu wa kuvipenda, kwa sababu nakumbuka enzi ambapo uliulizia jambo moja katika milango mitano na kila mlango ulikuwa na mtu anayekunywa chai. Tulichukua nambari, tukaketi, tukaitwa.

Kijana wa kaunta alitusikiliza hadi mwisho. Hakutukatiza hata mara moja. Kisha akageuza karatasi iliyokwisha kutumika, akaandika nyuma yake, akitueleza kila mstari. Aliyezaliwa hospitalini hupewa taarifa na hospitali yenyewe. Aliyezaliwa nyumbani huandikwa na naibu chifu wa kata ndogo alikozaliwa, kwani naibu chifu ndiye wakala wa msajili kijijini. Sheria inatoa miezi sita. Ikipita, kuzaliwa hakuwezi kusajiliwa mpaka msajili mkuu atoe idhini ya maandishi, na idhini hiyo inataka ushahidi: kitambulisho cha mama, kitabu cha kliniki, barua ya shule, kadi ya ubatizo kama ipo, na barua ya chifu. "Na yote haya," akasema, "yataanzia kule alikozaliwa. Hapa naweza kuwaonyesha njia tu."

Karatasi ile niko nayo. Maombi yale matatu niliyotuma kutoka Nakuru hayakuniambia hata nusu ya yaliyo humo. Najua wapo wanaopima huduma kwa kasi ya mtandao na wingi wa kompyuta. Mimi leo nimeipima kwa mtu mmoja aliyetuambia kila kitu kwa mara moja, ili tusirudi kesho kuambiwa cha pili na keshokutwa cha tatu.

Kabla hatujainuka aliuliza kuhusu baba. Mdogo wangu akanyamaza.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto wa mama asiyeolewa, isipokuwa baba na mama waombe pamoja au kuwe na uthibitisho wa ndoa. Vyeti vingi vya watoto hao vilitoka vikiwa na alama za X mahali pa jina la baba. Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kinambagua mtoto kwa jambo asilolitenda. Nimewaona watu wazima saibani kwangu wakifunika zile X kwa kidole gumba wakati wa kupiga fotokopi.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba sheria sasa iko upande wake, akitaka aandike. Akatikisa kichwa.

"Jina lake nalijua, na mtoto analijua. Serikali ikilihitaji italiuliza. Mimi nataka la mtoto kwanza."

Kijana akaandika maneno machache, hakuuliza zaidi. Namshukuru hata kwa hilo.

Jumanne, Kisumu hadi Chwele

Safari ndefu, ya kusema kidogo. Kiboswa, Majengo, Mbale, Kakamega. Msitu, kisha miwa, malori ya miwa, na tena miwa hadi Webuye. Bungoma tulibadilisha gari. Mlima Elgon, tunaouita Masaba, ulikuwa umejifunika mawingu. Mdogo wangu alilala begani mwangu tangu Malava. Amefunga kibanda chake, na mtu wa kibanda akifunga hakuna anayemlipa.

Mtoto alitukimbilia njiani akiwa na viatu vya mvua vya kukhu wake, yaani bibi yake. "Mama mkubwa, umeniletea cheti?" Nilimwambia tumekuja kukitafuta. Akaangalia begi langu kana kwamba kingeweza kuwa humo.

Usiku, kwenye taa ya sola, mama alileta kasha la bati. Ndani: risiti za mbolea, picha ya marehemu baba, hati za ng'ombe aliyekufa zamani, na kitabu cha kliniki. Nilikifungua. Chanjo ya kwanza ilikuwa ya Novemba 2017, wauguzi walipokuwa wamerudi. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa muuguzi alikuwa ameandika "8/2017", siku akaiacha wazi. Jina la pili la mtoto limeandikwa kwa "e". Nikaifungua barua ya shule: limeandikwa kwa "i".

Mtu asiyefanya kazi yangu ataona hizi ni herufi tu. Mimi nimewaona watu wakitembea miaka miwili kwa sababu ya herufi moja. Mzee mmoja wa Bahati alikosa kurithi shamba la mkewe kwa wakati kwa sababu cheti cha kifo na hati ya shamba vilitofautiana kwa "r" na "l". Kompyuta haijui kwamba ndimi zetu hubadilisha sauti. Inalinganisha tu.

Nikamwuliza mama: jina hili ulimpa kwa nini? Akashangaa kwamba nauliza. Kwetu majina mengi yanabeba msimu. Nafula na Wafula walizaliwa mvua ikinyesha, Nanjala na Wanjala wakati wa njaa, Nekesa na Wekesa wakati wa mavuno. Mtoto alizaliwa mahindi yakivunwa. "Jina lenyewe ndilo tarehe," akasema mama. "Nyinyi mnataka nini kingine?"

Tunataka siku, mama. Katiba, Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Neno "tangu" pale lina uzito, maana linataka kujulikana ni lini.

Jumatano, kijijini

Siku hii nitaiandika kirefu. Ndiyo iliyonitoa Nakuru, ingawa sikujua.

Tulianza kwa liguru, mzee wa kijiji. Ni mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, na kofia yake huvua kwa watu wazima na watoto sawasawa. Maliguru ndio wanaojua nani amezaliwa, nani amehama, nani ameaga, na kwa miaka mingi wamefanya kazi hiyo bila mshahara. Tuliamkiana mulembe, tukaketi chini ya mwembe, nikamweleza.

Akafunga macho.

"Wavulana walitahiriwa lini, kabla ya huyu mtoto?"

Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili. Kila mtu mzima anakumbuka nani alitahiriwa mwaka gani, kwa sababu ndugu, wajomba, ng'ombe na deni vyote vinaingia humo. Mama akajibu kwamba mtoto wa jirani alikuwa ameshatoka jandoni mwaka uliotangulia, na wale wa upande wa mtoni walitahiriwa mtoto huyu akiwa anatambaa na kusimama. Kwa hiyo ni kati ya 2016 na 2018. Liguru akafungua macho: "2017." Alifika kwenye mwaka bila karatasi, kwa njia iliyo imara kuliko vingi nilivyoona vikiwa na mihuri.

Siku ndiyo ilibaki. Tukaenda kwa mkunga. Sasa haoni vizuri, lakini alimtambua mdogo wangu kwa sauti na kumshika mkono. Tukamwuliza. Akasema ilikuwa wakati wa kura. Ya kwanza au ya pili? Mwaka huo tulipiga kura ya urais mara mbili, Agosti 8, kisha tena Oktoba 26 baada ya Mahakama ya Juu kuifuta ile ya kwanza. Ya kwanza, akasema, mahindi yalikuwa uani. Basi kabla ya kupiga kura, au baada?

Akafikiri muda mrefu. Kuku aliingia ndani akatoka.

"Mwanangu alikuwa karani wa kura, pale shuleni. Walihesabu usiku kucha. Alirudi asubuhi, macho mekundu, akaomba chai. Nikamwambia chai hakuna, nimetoka kupokea mtoto saa hizi, jipikie mwenyewe."

Kura ilikuwa Jumanne tarehe 8. Walihesabu usiku huo. Alfajiri iliyofuata ni Jumatano, Agosti 9, 2017. Mdogo wangu akaanza kulia kimya kimya. Kwa miaka minane amekuwa akimfanyia mtoto siku ya kuzaliwa tarehe yoyote ya Agosti ambayo biashara imeenda vizuri.

Nikamwuliza liguru kama huwa anaandika. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lisilo na jalada. Alikuwa ameandika: nani kazaliwa, nani kafa, nani kagombana na nani kuhusu mpaka. Kurasa za nyuma zilikuwa zimeliwa na panya, na zile za 2017 hazikuwepo. Daftari lilipojaa aliambiwa angepewa jingine, hakupewa, akaandika nyuma ya kalenda. Kalenda ilitupwa mwaka ulipokwisha.

Nililishika daftari lile kwa mikono miwili. Kila kinachofika kwenye skrini yangu Nakuru kinatoka mahali kama hapa. Mtandao haukumsahau mpwa wangu. Hakuna aliyewahi kuuambia. Taifa limenunua mitambo, limebadilisha mipango ya nambari ya utambulisho kutoka Huduma Namba hadi Maisha Namba, limekwenda mahakamani na kurudi, na huku chini mzee mwenye kumbukumbu isiyo na kifani anakosa daftari la shilingi mia. Hili linaniuma, na ninaliandika nikiwa nimekasirika.

Alhamisi, kwenye matanga

Naibu chifu hakuwa ofisini. Mlango wa ofisi, chumba kimoja chenye paa la mabati, ulikuwa umebandikwa karatasi ya namba yake ya simu. Tulipompigia alisema yuko kwenye mazishi, tumfuate. Bodaboda mbili, matope hadi magotini.

Tulimkuta ameketi kando ya hema, kitabu cha fomu kikiwa kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Marehemu alikuwa mzee aliyefia nyumbani. Naibu chifu alikuwa amekuja na fomu ya D2, ya vifo vya nyumbani, na kibali cha mazishi, na alipopewa nafasi ya kusema alitumia dakika zake zote kuwaomba wafiwa waifuate ile fomu hadi ofisini. "Mtamzika leo," akasema, "na mtaniona adui nikiwakumbusha karatasi. Lakini miaka kumi ijayo mtakuja kugawana hili shamba na mtaambiwa mzee bado yu hai."

Watu waliguna. Ni kweli hata hivyo. Kuzaliwa kuna shule inayokudai cheti. Kifo hakina anayekidai mpaka shamba, pensheni au akaunti ya benki iguswe, ndiyo sababu nchini vifo husajiliwa kwa uchache kuliko vizazi. Saibani kwangu anayetafuta cha kuzaliwa huja na haraka. Anayetafuta cha kifo huja na ugomvi nyuma yake.

Baada ya maziko alitukalisha kwenye kiti cha plastiki cha mwisho. Liguru na mama walitoa ushahidi. Kitambulisho cha mdogo wangu kikakaguliwa. Naibu chifu akaandika polepole, kwa herufi kubwa, na kila alipofika kwenye jina alimwuliza mdogo wangu alitaje herufi kwa herufi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema alipoanza kazi alikuwa akiandika kama anavyosikia, na bado anakutana na vijana barabarani wanaobeba makosa yake.

Mtandao wa simu hapo ulikuwa mstari mmoja tu. Fomu huzibeba yeye mwenyewe hadi ofisi ya usajili akipata nauli, au humpa mwananchi azibebe. Leo tumezibeba sisi.

Ijumaa, ofisi ya usajili

Ofisi hii sitaitaja wala mji wake. Tulifika saa mbili. Foleni ilikuwa na watu kama arobaini, wengi wao kina mama wenye watoto mgongoni. Saa tatu tukaambiwa mtandao umepotea. Saa tano, bado. Hakuna aliyetoka kusema ni kwa nini au hadi lini. Mama mmoja aliyetoka mbali, mwenye mtoto wa wiki tatu, aliondoka saa saba akisema atarudi wiki ijayo, na niliomba Mungu kwamba arudi kweli, kwa sababu nimeona namna ambavyo mtoto wa wiki tatu hugeuka kuwa wa miaka minane.

Nilichukia kingo za dirisha lile. Siombi mengi. Mtandao ukipotea, fomu zipokelewe kwa mkono, zipigwe mhuri na tarehe, watu waende zao. Kalamu haihitaji umeme.

Saa nane na nusu tuliitwa. Afisa, mwanamke wa makamo aliyechoka, aliomba radhi kwanza, na hapo hasira yangu ikapungua nusu. Alipitia karatasi moja moja akilinganisha na orodha yetu ya Kisumu. Aliona "e" na "i". Akasema tuchague sasa, kwa maandishi, na shule irekebishe yake, kwa maana chini ya mpango wa Maisha Namba nambari atakayopewa mtoto kwenye usajili ndiyo atakayokwenda nayo hadi kitambulisho. Kosa la leo litamfuata hadi uzeeni. Mdogo wangu akasaini: "e".

Nyuma yake kulikuwa na rafu za sajili kubwa zilizojalidiwa kwa kitambaa, migongo imechanika. Mama alikuwa akizitazama. Sheria ya usajili ni ya mwaka wa 1928, lakini kusajili vizazi na vifo hakukuwa lazima kwa Wakenya wote hadi 1971, na mama alizaliwa kabla ya hapo. Hayumo katika sajili yoyote ya kuzaliwa. Baba yake alivalishwa kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni, shingoni ili mzungu ajue anafanya kazi kwa nani. Mama mwenyewe aliandikwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mume, sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1978 ili wanawake nao wapewe vitambulisho. Tarehe ya kuzaliwa alikadiriwa na karani kwa kumwangalia uso.

"Huyu ataandikwa humo?" akauliza, akionyesha rafu kwa kidole.

Afisa akamgeuzia skrini ili aone. Mama hajui kusoma sana, lakini herufi za jina alilolitoa yeye alizijua. Alizifuata kwa kidole bila kugusa kioo.

Tumeambiwa tusubiri idhini ya msajili mkuu, ujumbe utakuja kwa simu. Cheti chenyewe ni shilingi 200; kilikuwa 50 hadi 2024. Nauli zetu, bodaboda na fotokopi vimefika shilingi 4,350, mbali na siku ambazo mdogo wangu hakuuza. Wanaposema huduma ni ya shilingi mia mbili, wahesabu na hizi.

Jumamosi, Chwele

Mvua tangu asubuhi. Sokoni nilinunua madaftari mawili ya jalada gumu, kalamu sita, na mfuko wa nailoni wenye zipu. Nilimpelekea liguru. Nilimchorea safu: tarehe, saa, jina la mama, jina la mtoto, aliyeshuhudia, siku aliyopeleka kwa naibu chifu. Akaniuliza kwa nini saa. Nikamkumbusha karani aliyeomba chai. Akacheka sana, akaandika neno "saa" tena juu ya safu kwa mkono wake.

Jumatatu, Nakuru

Nimefungua saiba. Kazi ya kwanza: kwenye droo nina daftari lenye akaunti na manenosiri ya wateja, watu mamia, wasio na barua pepe mpaka nilipowafungulia mimi. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na mimi nimekuwa nikiweka maisha ya watu kwenye droo isiyo na kufuli kwa sababu ni rahisi kwangu. Nimeanza kuwapigia mmoja mmoja waje wabadilishe, wajifunze kuingia wenyewe. Leo wamekuja watatu.

Kazi ya pili: karatasi ya kijana wa Kisumu nimeipiga chapa kubwa, nimeibandika mlangoni, kwa nje, mtu aisome hata nikiwa nimefunga.

Hali ya ombi la mpwa wangu: linashughulikiwa.

Saa kumi na moja jioni liguru alipiga simu. Alisema ameandika mstari wa kwanza. Msichana, usiku wa kuamkia leo, saa tisa na robo, kwenye nyumba iliyo chini ya kanisa, mama na mtoto wazima. Akanisomea herufi za jina moja moja, akaniuliza kama nimeisikia ile ya tatu vizuri. Ijumaa atalipeleka daftari kwa naibu chifu.